Maji kwenye mitungi ya upepo

Habari za jioni wakuu. Mvua zimeanza, na wengi mnapandisha mizigo Tabora, Kaliua, Uvinza hadi Kigoma. Naomba tuzungumzie mitungi ya upepo, ile inayohifadhi hewa ya breki za lori.

Juzi nilivuta koki ya mtungi wa kwanza, ule unaopokea upepo kutoka kompresa (pampu ya hewa). Yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, mazito, yananukia oili, karibu kikombe kizima. Niliogopa kweli, maana gari hilo lilikuwa limetoka kuteremka kuelekea ziwani na mzigo kamili.

Kompresa inavuta hewa yenye unyevu na kuibana mpaka inapata moto. Ikipoa ndani ya mtungi, ule mvuke unageuka maji. Kwa wenzetu wa Canada maji hayo huganda kwenye vali na breki zikakataa kabisa. Huku kwetu hayagandi, lakini yanaleta kutu, yanaosha grisi na kuziba vali polepole, hujui hadi siku unakanyaga breki na hazishiki.

Kwa hiyo kila jioni, weka vigingi kwenye matairi kwanza (upepo ukiisha breki za springi zinajifunga, lakini usizitegemee peke yake), kisha mwaga mitungi yote, ya tela pia. Ukiona oili, draya (kikausha hewa) imechoka au kompresa inapitisha oili; mwone fundi kabla ya safari. Na tafadhali, msimimine spiriti kwenye mfumo. Inaharibu raba za vali.

Ukishamwaga leo, andika hapa rangi uliyoiona.