Risala ya Klabu ya Sayansi ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Bahi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanaklabu 23, karibu Bahi, na pole kwa vumbi la barabarani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, neno mionzi si geni hapa. Tangu watafiti wa urani wapite kwetu na kwa jirani zetu wa Manyoni, ukilitaja kijiweni watu wanakunja uso. Mwaka huu tukaamua kulifuata mbali zaidi, angani.

Katika kikao cha wazazi mama mmoja alituuliza kama ni hilihili jua la saa nane mchana. Hapana, mama. Lile joto linaletwa na mwanga. Tunazozisema sisi ni chembe, nyingi zikiwa protoni: nyingine hutemwa na Jua linapochafuka, nyingine hutoka kwenye nyota zilizolipuka mbali sana. Sisi wa chini tumekingwa. Usumaku wa Dunia huzipindisha njia, na hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ina uzito wa maji ya kina cha karibu mita 10.

Mwanaanga hana hewa hiyo. Akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 juu, mionzi ambayo mtu wa ardhini huipata kwa mwaka, wastani wa milisiveti 2.4 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), yeye huipata chini ya wiki moja. Safari ya Mirihi ni nzito zaidi. Kifaa kilichosafiri kwenda huko na roboti Curiosity kilionyesha kwamba kwenda na kurudi tu ni kama milisiveti 660, na NASA, shirika la anga la Marekani, imeweka kikomo cha 600 kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga.

Sote tulidhani kinga ni madini ya risasi, kama aproni ya chumba cha eksirei. Mwenzetu wa Kidato cha Pili alibisha wiki nzima. Lakini chembe yenye kasi ile ikigonga kiini kikubwa cha atomu ya risasi hukivunja, na vipande vinavyoruka navyo ni mionzi. Kinachofaa zaidi ni kitu chenye haidrojeni nyingi. Mwalimu akatutoa nje, akatuonyesha simtanki jeusi nyuma ya bweni la wasichana: nje plastiki ya polithini, ndani maji (yakiwepo, Mheshimiwa). Kinga ndiyo hiyo. Kule kituoni, kuta za vyumba vya kulala zimeongezewa polithini ya namna hiyohiyo.

Bahati nayo imo. Agosti 1972 Jua lilichafuka vibaya, wakati safari ya mwezini ya Apollo 16 ilikwisharudi tangu Aprili na Apollo 17 ikingoja Desemba. Hakukuwa na mtu mwezini.

Mitambo nayo huumia. Chembe moja ikipita kwenye kumbukumbu ya kompyuta yaweza kugeuza sifuri kuwa moja, na amri ikapotoka. Ndiyo maana vyombo vingine hubeba kompyuta tatu zinazopiga hesabu ileile. Wawili wakikubaliana, wa tatu hasikilizwi, kama kwenye baraza la wazee. Chombo Juno, kilichofika sayari ya Mshtarii mwaka 2016, kompyuta zake zimefungiwa ndani ya sanduku la titaniamu.

Sisi hata hiyo moja hatuna. Tuliyopewa na mfadhili ilikuja bila chaja, na fundi wa mjini akasema betri imekufa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kompyuta moja inayowaka, na kipima mionzi kimoja, tukakipeleke kisimani na mbugani tupime wenyewe wazazi wakiona. Ombi la tatu si la anga: pampu ya kujaza lile simtanki.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu