Barua kwa mdogo wangu uliye Unguja, kuhusu lile sanduku

Mbukwa, mdogo wangu.

Naandika hapa kwa sababu ujumbe wangu wa simu huufungui. Tiki mbili za kijivu tangu Pasaka. Hapa najua utafikiwa, maana shangazi akiona kitu mtandaoni hukirusha kwa ukoo mzima kabla hajamaliza kukisoma.

Sisi hatujambo. Zabibu zilishikwa na ubwiri, tumevuna nusu. Mgao wa maji ni ule ule. Birika la mama bado ninalo mimi, ingawa kikao kilisema liende Mvumi. Hilo tutaliongea siku nyingine, pamoja na lile deni la turubai.

Nataka tuongee habari ya msiba wa mama.

Ulifika saa nne usiku, begi mgongoni, lile sanduku la bluu la barafu umelikumbatia. Watu chini ya turubai wakanyamaza. Mama mkubwa akaninong'oneza, "Angalau kaleta samaki." Ukapita moja kwa moja chumbani kwa mama, ukalisukuma uvunguni, ndipo ukatoka kuja kulia nasi. Sikusema kitu. Najua ulikuwa hujalala, umetoka majini kwenye ghuba ya Chwaka ukapokea simu, boti mpaka Dar, maabara imefungwa kwa kuwa ni Jumamosi, ukapanda treni na mzigo wako. Safari hiyo nimeipigia hesabu mara nyingi kuliko wewe mwenyewe.

Asubuhi maji yakakatika, nyumba ina watu kama sitini. Kitinda mimba wangu, miaka sita, akamsikia babu mdogo anaomba maji ya kunywa. Mtoto aliyelelewa vizuri hasubiri kutumwa. Akaingia uvunguni, akatoka na chupa. Mpira wa kufungia alishautoa, anahangaika na kizibo kwa meno.

Kofi lile walilisikia mpaka majirani wa nyuma. Lakini kofi silo. Mjomba ana haki yake, na mimi nimewahi kumpiga kwa madogo kuliko hayo. Ninachokiona kila nikifumba macho ni kilichofuata. Uliinyanyua chupa, ukaigeuza kwenye mwanga, ukapitisha kidole kwenye grisi ya kizibo, ukaitia mfuko wa koti. Ndipo ukamwinamia mtoto kumtazama kinywa. Chupa kwanza, damu yako baadaye. Halafu ukatamka mbele ya wazee wote: "Ina zebaki."

Zebaki! Chini ya kitanda alichofia mama. Huku kwetu zebaki tunaijua, tumewaona wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoishika kwa mikono mitupu. Ukaanza kueleza kwamba ni maji ya bahari uliyoyachota Chwaka kwenda kuyapima, kwamba zebaki ni kitone tu kwa kila chupa, kwamba ni ya kuua vijidudu vilivyomo ili visiendelee kupumua na kuchafua kipimo cha hewa ukaa. Nani alikuuliza? Babu mdogo alitaka maji.

Nakushauri kama dada yako: kazi ina mahali pake na msiba una mahali pake. Mtu akifiwa, huacha mzigo kwa mwenzake, hata kwa mlinzi wa geti. Mimi nilifunga genge siku tisa, nyanya zikaoza, na hakuna aliyenisikia nikilitaja hilo. Nilikulipia ada kwa genge hilo hilo, wala silitaji.

Ila wewe si mtu mbaya. Nakukumbuka mwaka wako wa pili chuoni, umekuja likizo, ukakamulia limau kwenye ule ukoko mweupe ndani ya birika. Maji yetu ya Dodoma yana chokaa, birika huota gamba. Likatoa mapovu, likayeyuka. Mama akakusifu kwa kumsafishia birika, wala hakungoja maneno yaliyofuata. Mimi niliyasikia: chokaa hiyo ndiyo chaza, konokono na matumbawe wanayojengea nyumba zao. Nikakuuliza kama bahari inageuka ndimu. Ukacheka. "Dada, bahari haichachi kama togwa."

Hukunijibu zaidi ya hapo, ukadhani nisingeelewa. Basi nimejisomea mwenyewe, kwa bando langu, usiku baada ya kufunga hesabu. Kumbe bahari hunywa kama robo ya hewa ukaa yote tunayoitoa kwa magari na viwanda, na ikiingia majini hutengeneza tindikali. Tindikali hupimwa kwa pH, kikishuka kipimo tindikali imezidi: kabla ya viwanda pH ya bahari ilikuwa karibu 8.2, sasa ni karibu 8.1. Ukiitazama ni chenji ya kumwachia konda. Lakini kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo tindikali imeongezeka kwa kama asilimia 30. Na kabla nyumba ya chaza haijayeyuka, mjenzi mwenyewe ananyimwa saruji, ile malighafi ya chokaa iliyomo majini. Hilo mtu wa Dodoma, mji ambao kila kona wanajenga, haelezwi mara mbili. Kule Oregon, Marekani, kuanzia kama 2007 chaza wachanga walikufa kwa wingi kwenye vituo vya kuwazalisha, wenyewe wakawashuku bakteria. Kumbe ni maji ya kina kirefu, yenye hewa ukaa nyingi, yaliyokuwa yakipanda pwani.

Nikasoma na habari za Chwaka yako. Majani ya bahari hunyonya hewa ukaa mchana, pH ikapanda, na mwani wenye chokaa ukajenga upesi. Hayo yalichapishwa tangu 2009. Usiku majani yanapumua, inashuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini chupa zilikuwa 24. Moja kila saa, usiku na mchana.

Sasa nikuambie.

Usiku ule baada ya kumzika mama, ulipolala kwenye mkeka, nililivuta lile sanduku nikalipeleka nyuma ya choo. Nilizifungua moja moja, nikafuta grisi kwa khanga, nikamwaga yote kwenye shimo la choo. Sikumwaga bustanini, hilo unihesabie. Kisha maji ya bomba yalikuwa yamerudi, nikazijaza tena, nikarudisha vizibo, ili uzito usikushtue. Nyumba ilikuwa na watoto kumi na mmoja, mdogo wangu. Ungekuwa wewe dada ungefanya nini? Ungeliacha uvunguni?

Kuzimwaga ningeweza kukutetea mpaka kesho. Kuzijaza siwezi. Najua mashine ilikuambia nini, kwamba maji yale hayana chumvi, hayajawahi kuiona bahari. Ulinipigia siku hiyo, ukasema "Dada", ukakata. Nimekuwa nikisema kwa watu kwamba mtandao ulisumbua.

Niliona pia ule mchoro wa Charles David Keeling, aliyeanza mwaka 1958 kupima hewa ukaa iliyomo angani kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Alianzia kwenye kama sehemu 315 katika milioni, leo zimepita 420. Kipimo kimoja kisingemwambia mtu lolote, kinachosema ni mstari. Na mwaka 1964 fedha zilikatika, kuna pengo la miezi michache ambalo halikuzibika hata leo. Nikalikuza kwa vidole kwenye simu, nikalitazama mpaka chaji ikaisha. La kwako ni la siku moja, lakini aliyelitoboa ni mimi.

Mtoto hajambo. Haogopi chupa, anakuogopa wewe kidogo. Anauliza kama mjomba bado anauza maji.

Ile mipira ya kufungia vizibo ninayo, nafungia mifuko ya karanga gengeni. Juzi nilipoihesabu nikakumbuka kwamba zilizopita mikononi mwangu usiku ule zilikuwa chupa 23. Ile uliyomnyang'anya mtoto ilibaki kwenye koti lako, na koti ulilalia. Kwa hiyo moja ni ya Chwaka kweli, ikiwa hukuitupa kwa hasira.

Niambie hilo tu, hata kwa kumtuma shangazi. Ilikuwa ya saa ngapi?