Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge: Kadi ya chama isiwe sifa ya kugombea

Mheshimiwa Spika,

Salaam, na pole kwa majukumu. Nakuandikia nikiwa raia mwenye kitambulisho cha mpiga kura na asiye na kadi ya chama chochote. Sifa za kuwa mbunge zilizoandikwa kwenye Katiba ya mwaka 1977 si ngumu: uwe raia, uwe umetimiza miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Hizo ninazo. Ila ibara ya 67 inaendelea kusema lazima niwe mwanachama wa chama cha siasa na nipendekezwe nacho. Ibara ya 39 inasema hivyo hivyo kwa urais. Hapo ndipo mimi, na Watanzania wengi wasio na chama, tunapobaki nje ya uzio.

Najua ukumbi wako hupenda zaidi mjadala wa elimu. Kila baada ya muda husimama mtu kudai mbunge awe na kidato cha nne, au diploma, au shahada. Mimi mjadala huo haunishtui. Wenzetu wa Kenya walijaribu kuweka sharti la shahada kwa wabunge, wakaliahirisha, likaishia mahakamani, na kwa nafasi zilizobaki na sharti hilo msimu wa uchaguzi ukageuka msimu wa kukagua vyeti. Mwananchi akitaka msomi atamchagua msomi. Kadi ya chama ni jambo jingine, kwa sababu haimpimi mgombea kwa lolote. Inapima kama kuna kamati imemkubali.

Mheshimiwa Spika, historia ya jambo hili unaijua kuliko mimi, lakini wapo vijana watakaoisoma barua hii ambao hawakuwa wamezaliwa. Wakati wa chama kimoja, mgombea ilibidi awe mwana-TANU, kisha mwana-CCM. Mwaka 1992 tukaingia vyama vingi, na Mabadiliko ya Nane ya Katiba yakaweka "chama cha siasa" mahali palipokuwa pa chama kimoja. Kufuli likabaki, zikaongezeka funguo tu.

Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu mwaka 1993. Oktoba 24, 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba Mtanzania anaweza kugombea bila chama. Bunge halikungoja hata Krismasi. Mwezi Desemba likapitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja na kufuta matunda ya hukumu ile. Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005, akashinda tena Mei 2006, Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakatengua ushindi wake. Lakini tazama walichosema: kwamba suala hili ni la kisiasa na mahali pake pa kuamuliwa ni bungeni. Kwa maneno mengine, waliutuma mpira Dodoma, na huko umelala tangu siku hiyo.

Mtikila hakuchoka. Yeye, Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale pale Arusha kwetu. Juni 14, 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba kumlazimisha raia ajiunge na chama ili agombee kunavunja haki yake ya kushiriki uongozi wa nchi, na kunavunja pia uhuru wake wa kujiunga au kutojiunga na wengine. Nchi ikaagizwa irekebishe Katiba na sheria zake ndani ya muda unaofaa. Mtikila akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao naye hakuweza kugombea bila chama. Huo muda unaofaa sijui unahesabiwaje.

Februari 2024 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani. Lilifanya jema moja ambalo nalipongeza bila kinyongo: mgombea akibaki peke yake sasa anapigiwa kura ya ndiyo au hapana, hapiti tena kwa kukosa mpinzani. Lakini mgombea binafsi, yaani asiye na chama, hakuguswa, na asingeweza kuguswa kwa sheria ya kawaida wakati kikwazo kiko kwenye Katiba.

Mwaka uliofuata tukaona gharama yake. Aprili 2025 CHADEMA haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki uchaguzi mkuu wala chaguzi ndogo kwa miaka mitano. Nani alikosea na nani alionewa, nawaachia wengine. Ninachouliza ni hiki: mwanachama wa kawaida wa Tarime au Mbeya aliyetaka kugombea udiwani wa kata yake, yeye alikataa kusaini nini? Haki yake ilipotea kwa saini isiyo yake. Kisha Luhaga Mpina, aliyetoka CCM kwenda ACT-Wazalendo, uteuzi wake wa kugombea urais ukatenguliwa na Msajili wa Vyama kwa hoja kwamba kanuni za ndani za chama zilikiukwa. Kanuni za ndani za chama zikaamua nani mwananchi amwone kwenye karatasi ya kura! Yaliyotokea Oktoba 29, siku ya uchaguzi, na siku zilizofuata, damu iliyomwagika na intaneti iliyozimwa, sisemi mgombea binafsi angeyazuia. Nchi iliyofika pale ina madeni mengi kuliko hili.

Watetezi wa sharti hili wana hoja tatu ambazo nimezisikia tangu ujana wangu.

Ya kwanza ni umoja wa kitaifa: tukiruhusu wagombea binafsi, makabila na dini vitasimamisha watu wao. Serikali iliipeleka hoja hii hadi Arusha na haikutosha. Nami naongeza Mbulu. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa TANU. Tanganyika haikupasuka. Mwaka uliofuata ilipata uhuru.

Ya pili ni fedha, kwamba matajiri watajinunulia majimbo. Mheshimiwa, kwani kura za maoni ndani ya vyama huendeshwa kwa sala? Tulifika mahali takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, tukaiandikia vifungu kwenye sheria ya uchaguzi, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta mwaka 2006.

Ya tatu ni kwamba vyama vitadhoofika. Hii ina ukweli kidogo. Nchini Uganda wabunge wasio na chama ni wengi, na wengi wao ni walioshindwa kwenye mchujo wa chama tawala, kwa hiyo tusitarajie malaika. Lakini kwetu anayeshindwa kwenye mchujo hufanya nini? Chama kimekuwa kama daladala, ukishushwa hili unadandia linalofuata. Edward Lowassa alikatwa CCM Julai 2015, mwezi huo huo akawa CHADEMA, akapata kura zaidi ya milioni sita, na Machi 2019 akarudi alikotoka. Vyama vilivyokuwa vituo vya kupitia havikuimarika kwa hilo.

Lipo pia la ibara ya 71, inayomvua ubunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake. Mwaka 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama na nafasi zao zikajazwa haraka. Halima Mdee na wenzake 18 walifukuzwa na CHADEMA Novemba 2020, wakaenda mahakamani, na wakabaki bungeni hadi muhula ukaisha. Siwaonei wivu wale 19. Nashangaa tu ibara moja inavyokuwa na mwendo wa aina mbili.

Utaniambia nisubiri Katiba mpya. Nimesubiri. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilimruhusu mgombea huru, na Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 ikambakiza. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikupigwa. Jambo ambalo pande zote mbili za ugomvi ule wa Katiba mpya zilikubaliana halihitaji kungoja yale waliyogombania.

Kwa hiyo naomba Serikali, au mbunge yeyote mwenye moyo, alete muswada wa kurekebisha ibara za 39, 67 na 71 pamoja na ile ya 47 ya Makamu wa Rais, nawe uupangie siku. Theluthi mbili ya wabunge inayotakiwa kubadili Katiba mnayo, hata na chenji inabaki. Masharti ya kuzuia utani yawekwe: Kenya humtaka mgombea huru wa Bunge la Taifa saini 1,000 za wapiga kura wa jimbo lake, na asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Muswada ukifika kwenye kamati, wadau wapewe zaidi ya siku mbili tatu za kutoa maoni, na vikao vifanyike mikoani. Nauli ya kwenda Dodoma si kila mtu anayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpiga kura, Morogoro

Nakala: Waziri wa Katiba na Sheria, Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Katiba na Sheria, Mbunge wa jimbo langu.