Kichekesho kilichosafiri kwa santuri

Chicago

Mdogo wangu Salim,

Salaam nyingi. Huku wazima, hofu ni kwenu. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie fedha za dawa zimeshatumwa.

Uliuliza nani alianza mtindo huu wenu wa kurekodi kichekesho kimoja cha redio na kukigawa kwa vituo vingi. Wanaohesabiwa waanzilishi walifanya kazi katika mji huu huu: Freeman Gosden na Charles Correll. Walianza katika kituo cha redio cha WGN tarehe 12 Januari 1926 na kipindi cha Sam 'n' Henry. Walipotaka kukirekodi wauzie vituo vingine, WGN ikawakatalia. Wakahamia kituo kingine cha hapa, WMAQ, na tarehe 19 Machi 1928 wakaanza Amos 'n' Andy, safari hii haki ya kuuza santuri ikiwa mikononi mwao. Usiwasifu kupita kiasi, lakini: walikuwa Wazungu wakijifanya Weusi kwa lafudhi ya kubeza, na mwaka 1931 gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier lilikusanya saini kutaka waondolewe hewani.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Waliongea mbele ya maikrofoni, kisu kikachora sauti kwenye bamba la nta. Nta hiyo huwezi kuisikiliza kwanza, maana sindano ikipita juu yake mifereji inaharibika. Inapakwa madini, inatolewa chapa, ndipo santuri zinafyatuliwa. Ukikosea neno, hakuna kukata kipande. Unarudia upande mzima.

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 78 kwa dakika haibebi zaidi ya dakika tano hivi kwa upande, kwa hiyo kipindi kimoja kilikatwa vipande. Hapo ndipo fundi wa kituo alipoweza kuua kichekesho. Anatakiwa awe na mashine mbili, ya pili iwe imeshatiwa santuri na sindano mpya ya chuma, aiachie pale pale ya kwanza inapoisha. Akichelewa sekunde mbili kati ya swali na jibu, hakuna atakayecheka. Mwandishi mwenye akili anamaliza upande penye pumziko, si katikati ya mzaha. Hata ninyi na mafaili yenu, wekeni tangazo penye pumziko.

Baadaye zikaja santuri za inchi 16, mizunguko 33⅓, dakika 15 kwa upande. Nazo zina kasoro: sauti hufifia sindano ikikaribia katikati, kwani mfereji pale unapita polepole. Dawa yao naipenda: upande wa kwanza ulianzia ukingoni kwenda ndani, wa pili ukaanzia ndani kwenda nje, ili penye kubadilisha sauti zifanane.

Mitandao mikubwa ya redio, NBC na CBS, haikutaka vipindi vya kurekodi miaka mingi. Wasanii walicheza kipindi kile kile mara mbili usiku mmoja, mara ya pili kwa ajili ya pwani ya magharibi ya Marekani, yenye saa tatu nyuma. Mwimbaji Bing Crosby ndiye aliyelivunja zuio hilo, Oktoba 1946 kupitia mtandao wa ABC, kwa santuri. Kuunganisha vipande kulimaanisha kunakili santuri kwenye santuri, na kila nakala ikazidisha mikwaruzo. Ndiyo maana mwaka 1947 akahamia tepu ya sumaku, ambayo unaikata kwa wembe na kuigundisha.

Nitumie kipindi chenu cha mwezi huu, na uniambie kila kituo kinakirusha saa ngapi.

Kaka yako,
Hamisi