Viti vya Baraza la Usalama havigawiwi, vinapigiwa kura

Mhariri,

Naamini unaikumbuka ile habari yenu ya Juni kuhusu nchi tano zilizopata viti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, maana mliipa kichwa kikubwa na picha ya ukumbi. Mliandika kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Liberia, Bahrain, Kolombia na Latvia "zimeteuliwa", na aya ya pili ikaeleza kuwa uteuzi huo hufanywa na mataifa makubwa matano. Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Makosa ya tahajia nimeyavumilia, picha zilizobandikwa maelezo yasiyo yake nimezivumilia. Hili limenishinda.

Nchi hizo hazikuteuliwa. Zilichaguliwa, na waliozichagua ni wanachama wa Baraza Kuu, ambao ni nchi 193, kila moja na kura yake moja, kwa siri. Tarehe 3 Juni 2025 Kongo ilipata kura 183. Marekani, Urusi, China, Ufaransa na Uingereza zina kura tano tu katika ukumbi ule, na kura zao hazina uzito zaidi ya kura ya kisiwa chenye watu elfu kumi. Turufu yao, yaani uwezo wa kila moja kuzuia azimio peke yake, inafanya kazi ndani ya Baraza la Usalama, na katika uchaguzi huu haimo kabisa. Kinachotakiwa ni theluthi mbili ya waliopiga kura. Wakipiga wote 193, ni kura 129. Hata mgombea asiye na mpinzani ni lazima azifikishe, ndiyo sababu makaratasi ya kura hugawanywa na kuhesabiwa hata pale kila mtu anapojua matokeo.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha historia na uraia kwa miaka 22. Wiki mbili baada ya habari yenu nilitoa jaribio, na swali la nne liliuliza wajumbe wasio wa kudumu wa Baraza la Usalama wanapatikanaje. Binti mmoja, mwenye mwandiko mdogo uliosimama wima, alijibu: "Huteuliwa na nchi tano zenye kura ya turufu." Nikalikata jibu kwa wino mwekundu, sifuri kati ya alama tano. Wakati wa mapumziko alinifuata na daftari lake. Ukurasa wa mwisho kabisa alikuwa amebandika kwa gundi kipande cha gazeti lenu, kona moja imejikunja, na ile sentensi ya mataifa matano ameipigia mstari kwa rula. Hakuja kubishana. Aliniuliza kwa heshima, "Mwalimu, sasa mimi nifuate lipi?" Nikachukua karatasi, nikamchorea viduara kumi na tano vya viti vya Baraza la Usalama, vitano vya kudumu nikavitia wino, kumi vya kuchaguliwa nikaviacha vyeupe, tukaanza kuvijaza kanda kwa kanda. Dakika kumi zilitosha. Alama sikuweza kumrudishia, na jioni nikiendelea kusahihisha nikakuta wenzake sita wameandika maneno yale yale. Mwandishi wenu pengine aliiandika sentensi ile huku akiwahi kufunga ukurasa, na sasa imo vichwani mwa watoto saba wa darasa moja.

Nilichomwonyesha yule binti ndicho mlichopaswa kuwaonyesha wasomaji. Ibara ya 23 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inataja mambo mawili ya kuzingatiwa: mchango wa nchi katika kulinda amani na usalama wa dunia, na mgawanyo wa haki wa kijiografia. Inasema muhula ni miaka miwili, na nchi inayomaliza zamu haichaguliwi tena papo hapo. Mwaka 1945 viti hivi vya kuchaguliwa vilikuwa sita tu. Nchi nyingi zilipopata uhuru, Baraza Kuu likapitisha mabadiliko mwezi Desemba 1963, yakaanza kutumika mwaka 1965, na viti vikawa kumi: vitano vya Afrika na Asia, viwili vya Amerika ya Kilatini na Karibiani, viwili vya Ulaya Magharibi na wenzao, kimoja cha Ulaya Mashariki. Vitano hujazwa mwaka huu, vitano mwaka unaofuata.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Kwa desturi iliyozoeleka, Afrika ina vitatu kati ya vile vitano, na wagombea wake hawaibukii New York. Hupangwa mapema na nchi za Afrika zenyewe, kwa zamu za kanda, kisha Umoja wa Afrika huwapitisha. Kiti cha Mashariki na Kusini mwa Afrika kimepita mikononi mwa Kenya, Msumbiji, na sasa Somalia. Cha Magharibi kimetoka Ghana kwenda Sierra Leone, kutoka huko Liberia. Cha tatu kinazunguka kati ya Kaskazini na Kati: Gabon, Algeria, sasa Kongo. Juu ya hayo kuna mapatano ambayo huyakuti kwenye ibara yoyote ya Mkataba, kwamba nchi moja ya Kiarabu iwemo kila wakati, zamu hii itoke Afrika, zamu ijayo itoke Asia. Ndivyo Tunisia ilivyofuatiwa na Falme za Kiarabu, kisha Algeria, kisha Bahrain. Hapo ndipo mambo huamuliwa, Mhariri, katika vikao hivyo vya kanda, miezi mingi na pengine miaka kabla ya ile siku ya Juni, na hapo ndipo gazeti lako halionekani! Nani aliomba zamu akaambiwa asubiri? Nani alijitoa, na alijitoa kwa makubaliano gani? Mwaka 2020 tulibahatika kuchungulia ndani, kwa sababu tu mapatano yalivunjika. Umoja wa Afrika ulikuwa umeipitisha Kenya, Djibouti ikakataa kukaa pembeni, ikisema zamu ni yake kwa kuwa Kenya ilikuwa imeshakaa huko mara mbili, 1973 na 1997. Wakapelekana hadi ukumbini, wakati wa korona, mabalozi wakiingia kwa makundi kwa saa walizopangiwa. Duru ya kwanza Kenya ilipata 113, Djibouti 78. Mwenye 113 ameshinda, mtu wa kawaida angesema, lakini theluthi mbili ya waliopiga kura ilikuwa 128, kwa hiyo wakarudia siku iliyofuata, na Kenya ikapita kwa kura 129. Kura moja tu juu ya kiwango! Uchaguzi unaosimama kwenye kura moja mnauitaje uteuzi wa wakubwa?

Wala Afrika haiko peke yake katika hili. Belarus ilikaa miaka kadhaa ikiwa mgombea pekee wa kiti cha Ulaya Mashariki, Slovenia ikajitokeza baadaye, na Juni 2023 ikashinda kwa 153 dhidi ya 38. Mwaka 2016 Italia na Uholanzi zilifungana 95 kwa 95 baada ya duru tano, zikaamua kugawana muhula, kila moja mwaka mmoja. Mwaka 2006 Guatemala na Venezuela zilivutana duru 47, mwisho kiti kikaenda Panama. Mkubwa wa yote ni mvutano wa Kuba na Kolombia, ulioanza Oktoba 1979 na kumalizika Januari 1980. Duru 154 bila mshindi, na kwenye ya 155 ikachaguliwa Meksiko, ambayo ilipoanza safari haikuwa hata mgombea. Wanafunzi wangu wakisikia habari hii hukaa kimya kabisa, na wale wa viti vya nyuma huacha kuchezea kalamu. Siamini kwamba wasomaji wenu ni wagumu kuliko wao.

Kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme na hili. Nchi ikishapata kiti, hatusikii tena habari zake. Picha ya balozi akipongezwa inatoka mbele, kisha kimya cha miaka miwili. Azimio halipiti bila kura tisa, na wa kudumu ni watano tu, kwa hiyo hata wote wakikubaliana wanahitaji wanne katika wale kumi. Wale kumi hupiga kura kwa niaba ya nani, na kwa shinikizo gani? Novemba 1990 Yemen, ikiwa na kiti hicho, ilipinga azimio namba 678 la kuruhusu nguvu itumike dhidi ya Iraki. Waliopinga walikuwa wawili tu, Yemen na Kuba. Baada ya hapo Marekani ikaikatia Yemen msaada wa takriban dola milioni 70. Watafiti wawili wa Marekani walichapisha hesabu mwaka 2006 wakaonyesha kwamba nchi inapokuwa na kiti cha muda, msaada wa Marekani kwake huongezeka kwa wastani wa asilimia 59. Na mwaka 1994, watu wakiuawa Rwanda, serikali ambayo watu wake walikuwa wakiendesha mauaji ilikuwa na mjumbe wake kwenye meza ile ile ya Baraza la Usalama, akisikiliza kila kilichosemwa ndani, kwa sababu zamu ilikuwa imeiangukia Rwanda. Nikifundisha somo hilo sauti hunikwama hadi leo. Zamu peke yake haitoshi, Mhariri. Nchi inapoomba kiti ni lazima iulizwe inakwenda kufanya nini, na wa kuuliza swali hilo mapema, kabla jina halijapelekwa, ni ninyi wenye kalamu.

Maana hili nalo mmelinyamazia: serikali zetu zote hupiga kura katika uchaguzi huu. Kila Juni balozi wa kila nchi ya Afrika hupokea karatasi ya kura sawa na ya balozi wa Marekani. Kura ni ya siri, nakubali, na iendelee kuwa ya siri, maana ndiyo kinga ya nchi ndogo. Lakini hakuna kinachomzuia mwandishi wenu kumwuliza waziri wa mambo ya nje nchi yake inatumia vigezo gani kuchagua. Mkiwaambia watu kwamba wakubwa watano ndio wanaoteua, mnamwondolea waziri huyo swali ambalo alistahili kulijibu hadharani.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, sahihisho, kwenye ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule, si ule mstari mwembamba wa chini karibu na matangazo ya vifo. Pili, kila tarehe 2 Januari, siku moja baada ya wajumbe wapya kuanza kazi, chapisheni jedwali la safu tano: jina la nchi, kanda yake, idadi ya kura ilizopata, mara ngapi imewahi kukaa, na tarehe inayotoka. Mistari kumi, nafasi isiyozidi kiganja. Mwezi Desemba mlirudie jedwali hilo kwa wale watano wanaoondoka, mkiongeza safu ya sita inayoonyesha walivyopiga kura kwenye maazimio matatu yaliyokuwa na mvutano mkubwa. Tatu, Umoja wa Afrika unapokaa kujadili wagombea wake, awepo mwandishi wenu hata kama ni wa kusimama nje ya mlango, na mtuandikie nani aliingia akiwa mgombea na nani alitoka akiwa ameahirisha. Na neno "kuteuliwa" mlifute kabisa katika habari hizi.

Sahihisho likitoka, naomba litoke siku ya shule. Yule binti ameacha nafasi chini ya kile kipande alichobandika, na nimemwahidi kwamba nitamletea gazeti mwenyewe.

Mwalimu wa historia na uraia