Barua ya wazi kwa mkuu wa elimu wa kaunti ndogo yetu: toa kufuli Gredi 6 wamalize

Mheshimiwa, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, nafua nguo za watu South B. Jumatatu asubuhi nilimpeleka msichana wangu shule tukapata X nyekundu kwa mlango na kufuli mpya. Rangi ilikuwa bado mbichi, mtoto akaiegemea ikashika kwa sweta. Nimesugua mpaka leo haijatoka, na kufua ndiyo kazi yangu.

Notisi inasema jengo si salama na shule haina hati ya kiwanja. Mheshimiwa, Mukuru ni nani ako na hati? Mwaka 2017 kaunti ilitangaza mtaa wetu eneo maalum la kupangwa, tukaambiwa hakuna kujenga kwanza. Na serikali yenyewe iliandika mwongozo wa shule za APBET, yaani hizi zisizo za serikali za mitaa ya mabanda, mwaka 2015 kwa sababu ilijua haziwezi kupimwa na zile za matajiri wa Karen.

Sisemi usalama ni kitu kidogo. Septemba 2019 darasa la ghorofa lilipoangukia watoto kule Ng'ando, nilienda kushika kuta za shule yetu kwa mkono. Baadaye wazazi tulichanga tukanunua simenti, sakafu tukapiga wenyewe Jumamosi mbili, mabati yaliyooza yakatolewa, choo cha wasichana kikapata mlango. Ulikuja kwa baraza ukaona hayo yote, ukasema mtatuandikia kilichobaki turekebishe. Ulisema hivyo mbele yetu. Karatasi haikuja, imekuja kufuli.

Afisa wako anasema twende shule ya serikali. Nilienda. Unavuka barabara ya malori, ukifika watoto wanne wamebanana kwa dawati la wawili, na mwalimu akaniambia mama rudi Januari, uje na pesa ya dawati na yunifomu mpya. Hapa kwetu nalipa mia mbili kila Ijumaa, na wiki nikikosa kazi mwalimu anaandika kwa kitabu mtoto anaingia. Serikali inatenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa primari ya umma, wetu hawajaona hata ndururu, na hiyo hata hatujakuja kudai.

Wengine wanasema kuna mtu ameitamani hiyo ploti, wengine wanasema mlisukumwa kutoka juu, mimi sijui, lakini hakuna mtu ametueleza na watu lazima wataongea.

Gredi 6 wako 31. KPSEA, mtihani wao wa kitaifa, imebaki wiki chache, na saa hii wanashinda kando ya mtaro, msichana wangu analea mtoto wa jirani. Nakuomba toa kufuli. Tuandikie ni ukuta gani na ni choo gani, Jumamosi hii tutakuwa hapo na jembe na mchanga. Na kama huwezi kuwafungulia wote, wafungulie hao 31. Mimi naweza kuja ofisini siku yoyote kuanzia saa nane, nikishaanika nguo.