Gari ya fo wili haizuii kifo kwenye theluji

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nilianza kulisoma nikiwa Njombe, nalinunua stendi, mpaka leo nalisoma kwenye simu huku Durban, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia, hata mlipokosea mambo ya kwetu Makete nilinyamaza. Ila hii habari ya wale jamaa waliokwama na Land Cruiser kwenye theluji ya milima ya Drakensberg, huku Afrika Kusini, imenishinda. Nimeirudia natafuta sehemu mnayomwambia msomaji ni nini hasa kinaua watu kwenye theluji, hamna. Kuna picha kubwa ya gari, kuna "waokoka kishujaa", kuna jamaa anasema fo wili haishindwi na kitu, na maneno hayo mmeyaacha yapite hivyo hivyo bila kuuliza fundi hata mmoja.

Mi ni fundi magari. Fo wili inapeleka nguvu ya injini kwenye matairi yote manne, basi, kazi yake ni kukutoa pale ulipo. Kusimama ni kazi ya breki na mpira wa tairi, na breki kwenye matairi manne hata Vitz inazo. Sasa Land Cruiser yenye hema juu ya paa, madumu ya maji na mafuta ya akiba ikianza kuteleza kwenye mteremko wa barafu ule uzito wote unaisukuma chini, hata uweke gia ya lo, ile ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi. Sani Pass, ile barabara ya mlimani ya kwenda Lesotho, pale mpakani upande wa Afrika Kusini huruhusiwi kupanda bila fo wili kwa sababu njia ni mawe na kona kali mpaka juu kabisa, mita 2,876, ila theluji ikizidi barabara hiyo inafungwa kwa magari yote, na hiyo fo wili yako unabaki nayo chini.

Na sisemi kwa kusikia. Tulipanda huko mwezi wa saba, mi na mke wangu, shemeji yangu na watoto wetu wawili, gari ya kukodi, dabo kebini ya petroli, tukapiga kambi upande wa Lesotho. Jioni upepo ukaanza, theluji inakuja ya ubavuni, hema la juu linatikisika mpaka tukawashusha watoto tukaingia wote ndani ya gari, shemeji akawasha injini hita ifanye kazi maana watoto walikuwa wanatetemeka. Kwanza ilikuwa raha. Baadaye nikasikia mlio wa ekzosi umebadilika, umekuwa mzito, wa kukabwa, na hapo hapo yule mkubwa analalamika kichwa, mama yao anataka kutapika, mdogo unamwita anaitika kwa shida tunadhani ni usingizi. Nikamwambia shemeji zima, fungueni milango yote, nikashuka. Nyuma theluji ilikuwa imefika kwenye namba ya gari na bomba halionekani kabisa. Nilipoinama na tochi nikaona joto la ekzosi limeyeyusha kipango chini ya gari, kuta zake zimekuwa barafu nyeusi ya masizi, na moshi wote unazunguka mle mle chini ya sakafu, unapanda kwenye matundu ya waya na kwenye raba za milango zilizochakaa, unaingia kwa wanangu. Nikafukua kwa kifuniko cha sufuria kwa sababu kwenye gari nzima hapakuwa na koleo. Injini hatukuiwasha tena, tulijibana wote kwenye blanketi, kioo kimoja tumekiacha wazi kiasi cha kupita vidole, baridi ni kali lakini baridi unaisikia, unapambana nayo. Ule moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inakamata damu pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na mtu anasinzia tu. Asubuhi vijana wa Kisotho wachunga kondoo ndo waliotukuta, mmoja kajifunga blanketi zito la sufi, akarudi na koleo wakatufukua, Mungu awabariki popote walipo.

Na ile kampuni iliyotukodisha. Walitupa friji, viti, meza, jiko la gesi, taa za kuning'iniza, koleo hawakutupa, minyororo ya tairi hawakutupa, na matairi ya nyuma yalikuwa yanaelekea kipara, niliwaonyesha kabla hatujaondoka wakasema mengine hawana. Tuliporudi nikawaeleza yote niliyoyaandika hapa, dada wa kaunta ananijibu lakini hiyo gari ni fo wili! Yaani maneno yale yale mliyoyaandika nyie. Ndo maana nimekasirika, kwa sababu mtu akishaamini hivyo haulizi tena tairi, haangalii hali ya hewa, hajui bomba la moshi liko wapi.

Mhariri, haya yanajulikana. Murree kule Pakistan, Januari 2022, watu walienda kutazama theluji, magari yakakwama usiku, wakafunga vioo, wengine wakaacha injini zinaunguruma, wakafa zaidi ya 20 wakiwemo watoto, kuna gari ilikuwa na familia nzima. Hapa Afrika Kusini Septemba 2024, pale Van Reenen kwenye barabara kuu ya N3 kati ya Durban na Johannesburg, watu walilala kwenye magari theluji imefunika njia, na ilikuwa Septemba, mwezi ambao wengi wanajua baridi imeshaisha. Malori yapo, fo wili zipo, zote zimesimama pale pale.

Na hapa nawaambia la nyumbani pia maana mnalifanya kila mwaka. Baridi ikiingia Makete, Njombe, Mbeya, mnaandika watu wamekutwa wamekufa chumbani "katika mazingira ya kutatanisha", halafu mstari wa chini kabisa mnataja kulikuwa na jiko la mkaa pembeni ya kitanda na dirisha limezibwa na nguo. Kuna nini cha kutatanisha hapo? Ni hewa ile ile iliyotaka kuniulia wanangu. Mnaandika hivyo, majirani wanaanza kutafuta mchawi, bibi wa watu ananyooshewa kidole mtaani, na usiku unaofuata nyumba ya pili nao wanaingiza jiko ndani walale nalo. Binti wa mama mdogo wangu alikufa hivyo akiwa na mtoto mgongoni, na gazeti liliandika kutatanisha. Sitaki kulisoma hilo neno tena.

Sasa ninachotaka. Kila gari ya kukodi inayopelekwa milimani ifungwe koleo la mpini mfupi ndani ya mlango wa nyuma, lisikae kwenye boksi chini ya mizigo, na dereva asaini kwamba ameliona. Kwenye dashibodi ibandikwe karatasi kwamba ukikwama kwenye theluji zima injini, ukitaka hita kwanza shuka ufukue ekzosi, washa kidogo kioo kikiwa wazi, zima, kabla ya kuwasha tena fukua tena. Iandikwe na Kiswahili, maana Waswahili huku tupo wengi na tunakodi. Nyie gazeti kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane wekeni kiboksi ukurasa wa pili, kila wiki, jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Nafasi ya kuweka picha ya Land Cruiser mliipata, na hii mtaipata.

Na lile neno "kishujaa" bado lipo kwenye kichwa cha habari huko kwenye intaneti, leo asubuhi nimeangalia. Litoeni.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi, Durban